Goma: Usingizi unapokataa, kulala mapema hakusaidii

Katika mitaa mingi ya Goma milango inafungwa mapema. Motari wengi wanaacha kazi giza linapoingia, maduka yanafungwa, na saa mbili za usiku familia nyingi zimekwisha kuwa ndani. Tangu mapigano yalipofika katikati ya mji mwishoni mwa Januari 2025, usiku umekuwa mrefu kuliko zamani. Mtu anapanda kitandani saa tatu, anasikiliza mbwa wanaobweka, anasikiliza motokaa inayopita, anaangalia simu, anageuka upande wa pili. Saa nane za usiku macho bado yako wazi.

Asubuhi kazi haimsubiri. Mama anayeuza sambaza sokoni lazima awe kwenye ziwa mapema, mwalimu ana darasa la watoto wengi mbele yake, motari anabeba abiria kwenye barabara ya mawe ya volkano. Kwa hiyo usiku unaofuata wengi wanafanya kile kinachoonekana kuwa cha akili: wanalala mapema zaidi ili kulipiza usingizi walioukosa. Wengine wanapita kwenye farmasi ya mtaa na kununua vidonge viwili vitatu.

Kwa wanaotibu shida za usingizi, mambo hayo mawili ndiyo mara nyingi yanayogeuza siku chache za kukosa usingizi kuwa ugonjwa wa miezi.

Kwanza lazima kutenganisha vitu viwili. Usiku ambao risasi zinasikika, au ambao jirani amevamiwa na wezi, mwili unaokataa kulala unafanya kazi yake. Huo si ugonjwa, na hakuna mbinu ya kumfundisha mtu kusinzia hatari ikiwa mlangoni. Wanganga wanazungumza juu ya ugonjwa wa kukosa usingizi pale mtu anapopata nafasi na saa za kutosha za kulala, usiku wenyewe ukiwa umetulia, lakini usingizi hauji au unakatika, angalau mara tatu kwa juma, kwa muda wa miezi mitatu, na mchana wake unaharibika: hasira, kusahau, kusinzia kazini.

Mwanasaikolojia wa Marekani Arthur Spielman alieleza jambo hili kwa njia ambayo hata leo inafundishwa. Kuna kile mtu alichozaliwa nacho, kwa sababu wengine wana usingizi mwepesi tangu utoto. Kuna kile kilichoanzisha shida. Na kuna kile kinachoiendeleza hata baada ya chanzo kupita. Kwa wakaaji wa Goma vyanzo havihitaji kutafutwa mbali. Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021, ardhi ikatetemeka kwa siku nyingi, na siku tano baadaye watu waliamriwa kuhama sehemu kubwa ya mji. Vita vikafuata. Kuna pia vifo ndani ya familia, kazi iliyopotea, deni la nyumba. Vyanzo hivyo mtu mmoja hana uwezo wa kuviondoa. Kinachoendeleza shida ndicho kilicho mikononi mwake, na mara nyingi ni mazoea yaliyoingia polepole bila kuonekana.

Usingizi unategemea nguvu mbili, kama mtafiti Alexander Borbély wa Zurich alivyoandika mwaka 1982. Ya kwanza inafanana na njaa. Tangu mtu anapoamka, hamu ya usingizi inaanza kujikusanya, na kadiri anavyokaa macho ndivyo inavyokuwa kubwa. Anayekula mikate mchana wote hawezi kuwa na njaa ya bugali jioni, na aliyelala masaa mawili baada ya chakula cha mchana anafika kitandani bila hamu ya kutosha. Nguvu ya pili ni saa ya ndani ya mwili, ambayo inajua wakati wa kukesha na wakati wa kulala, na inapangwa hasa na mwanga.

Kwa upande wa mwanga, Kivu ina bahati. Eneo hili liko karibu kabisa na ikweta, na jua linachomoza karibu na saa kumi na mbili asubuhi mwaka mzima. Wakaaji wa Ulaya ya kaskazini wananunua taa maalum za kuwapa mwanga wa asubuhi wakati wa baridi. Hapa unapatikana bure mbele ya mlango.

Saa ya kuamka kabla ya saa ya kulala

Ndiyo sababu matibabu yanaanza asubuhi, jambo linaloshangaza wengi. Hakuna anayeweza kujiamuru kusinzia saa nne kamili, lakini kila mtu anaweza kuamua saa ya kuamka. Saa hiyo ichaguliwe na ifuatwe kila siku, hata Jumapili, hata baada ya usiku mbaya. Hapo hapo mtu atoke nje kwa dakika ishirini au thelathini: kufagia mbele ya nyumba, kuchota maji, kutembea kwa mguu mpaka barabara kubwa. Anayelala mpaka saa nne ya asubuhi kwa kuwa usiku ulimnyima anaupunguza usingizi wa usiku unaofuata.

Hatua ya pili ni ngumu zaidi, na ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Ni kupunguza saa za kukaa kitandani.

Chukua mfano wa mtu anayepanda kitandani saa tatu usiku na kuamka saa kumi na mbili asubuhi. Hayo ni masaa tisa. Akihesabu kwa ukweli kwa muda wa juma moja au mawili, anakuta analala karibu masaa sita tu. Matatu yanayobaki ni ya kugeuka-geuka na kuwaza. Kwa njia ambayo Spielman na wenzake waliichapisha mwaka 1987, mtu huyo haendi kitandani saa tatu tena. Anakaa macho, nje ya kitanda, mpaka saa sita usiku, na anaamka saa kumi na mbili kama kawaida. Siku za kwanza anachoka sana. Lakini uchovu huo ndio dawa: hamu ya usingizi inakusanyika, na masaa sita yaliyokuwa vipande vipande yanaanza kushikana. Baada ya juma moja, kama analala karibu masaa matano na nusu kati ya hayo sita, anaongeza robo ya saa na kuanza kulala saa sita kasoro robo. Juma linalofuata anaongeza robo nyingine ikiwa mambo yanaenda vizuri, na hivyo hivyo, mpaka afikie kiasi kinachomfanya ashinde mchana bila kusinzia. Watu wazima wengi wanahitaji masaa saba au zaidi.

Kuna mpaka. Mtu asishuke chini ya masaa matano kitandani. Mwenye kifafa, au mwenye ugonjwa wa akili unaompandisha furaha kupita kiasi na kumshusha tena, asijaribu bila munganga, kwa kuwa kupunguza usingizi kunaweza kuamsha ugonjwa wake. Motari, dereva wa lori na msukuma chukudu kwenye miteremko wawe waangalifu sana majuma ya kwanza. Kwao ni afadhali kupunguza kidogo kidogo, nusu saa kwa juma, kuliko kuanguka na abiria.

Dakika ishirini

Mwanasaikolojia mwingine wa Marekani, Richard Bootzin, alitoa mwaka 1972 kanuni ambayo bibi wengi wangeielewa bila kusoma: kitanda kiwe cha kulala. Anayekula kitandani, anayehesabu deni kitandani, anayegombana kwenye simu kitandani, anaufundisha mwili kwamba pale ni mahali pa kukesha. Baada ya miezi, kulala chali tu kunatosha kuamsha kichwa. Wengi wanaijua hali hii: mtu anasinzia kwenye kiti sebuleni, anakwenda chumbani, na usingizi unakimbia pale pale.

Dawa ya Bootzin ni kutoka. Kama dakika ishirini hivi zimepita na usingizi haujaja, mtu aondoke kitandani na arudi tu macho yanapokuwa mazito. Hazihesabiwi kwa kuangalia saa, kwa sababu kuangalia saa usiku ni kujipiga hesabu ya masaa yaliyobaki, na hesabu hiyo peke yake inaamsha. Zinakisiwa tu. Akirudi na usingizi usije, anatoka tena. Usiku wa kwanza anaweza kutoka mara nne au tano.

Vitabu vilivyoandikwa huko vinasema mtu aende chumba kingine. Katika nyumba ya mbao ya chumba kimoja, watoto wamelala chini na mlango hauwezi kufunguliwa usiku, chumba kingine hakipo. Kanuni yenyewe bado inawezekana. Kinachotakiwa ni kuachana na hali ya kulala: kukaa kwenye kiti au mkeka mguuni mwa kitanda, mgongo ukutani, kanga au blanketi mabegani, taa ndogo ya tochi ikielekezwa chini. Kazi ya mikono iwe ya polepole na isiyoudhi: kuchambua maharage ya kesho, kushona kifungo, kusoma maandiko ambayo mtu anayajua tayari. Anayesali na asali, ila wakati wa kumlilia Mungu matatizo yote ya nyumba ufanyike mapema jioni, si saa nane za usiku. Kelele za baa, jenereta ya jirani au mkesha wa kanisa zinaweza kupunguzwa kwa pamba iliyoviringwa na kuwekwa mlangoni mwa sikio bila kusukumwa ndani.

Simu ni shauri lingine. Kumwambia mkaaji wa Goma aizime simu usiku, kama mashauri mengi ya mitandaoni yanavyosema, ni kutojua maisha ya hapa. Simu ndiyo inayoeleza kama milio imetoka Ndosho au Majengo, na ndiyo inayoita jirani. Lakini makundi ya WhatsApp ya mtaa yanapeleka pia uvumi, sauti za watu wanaolia na picha za maiti, na mtu aliyeona picha ya namna hiyo saa tano usiku hatalala saa sita. Njia inayofaa ni zamu. Katika nyumba yenye watu wazima wawili au watatu, mmoja anabaki na simu inayolia usiku huo, wengine wanazima zao au wanaziweka mbali na mkono. Kesho ni zamu ya mwingine. Anayeishi peke yake anaweza kuacha mlio kwa simu za kupigwa tu na kunyamazisha jumbe zote, kwa kuwa mwenye habari ya hatari ya kweli atapiga.

Mawazo, pumzi na mwili

Mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor huko Texas, wakiongozwa na Michael Scullin, waliomba vijana 57 waandike kwa dakika tano kabla ya kulala. Nusu waliandika mambo waliyoyamaliza, nusu wakaandika mambo yanayowasubiri. Walioandika yanayowasubiri walisinzia upesi zaidi, karibu dakika tisa mbele ya wenzao. Hizo dakika tisa si muujiza, lakini gharama yake ni karatasi na kalamu: karo ya mtoto, simu ya kumpigia shemeji, gunia la makala, na mbele ya kila jambo hatua moja ya kesho. Ifanyike mezani, masaa mawili kabla ya kulala.

Kwa kichwa kinachoendelea kuzunguka, mtafiti wa Canada Luc Beaudoin amependekeza kukipa kazi isiyo na maana: kuwaza vitu visivyohusiana, kimoja baada ya kingine, na kuviona kwa macho ya ndani. Sufuria. Mbuzi. Mwamvuli. Daraja. Akili haiwezi kujenga hofu juu ya daraja na mbuzi kwa wakati mmoja. Mwili nao una njia yake, iliyoelezwa na munganga Edmund Jacobson katika kitabu cha mwaka 1929: kukaza misuli ya miguu kwa sekunde tano, kuilegeza polepole, kisha mapaja, tumbo, mikono, mabega, mpaka uso. Mazoezi haya yajaribiwe kwanza mchana. Anayeyaanza saa nane usiku kwa hasira ya kutaka kulala atavuna hasira tu.

Kwa mtu wa namna hiyo kuna njia ya kinyume, na mara nyingi inamfaa. Alale gizani, macho wazi, na ajipe kazi ya kukesha bila kufanya chochote. Usingizi unakimbia anayeukimbiza. Akiacha kuufuata, mara nyingi unamshika.

Kinachonywewa kinahesabika pia. Kahawa, ambayo inalimwa katika milima hii hii ya Kivu, inaziba mahali ambapo hamu ya usingizi inasikika ndani ya ubongo. Kwa watu wengi nusu yake bado iko mwilini baada ya karibu masaa matano, hivyo kikombe cha saa kumi za jioni kinabaki nusu saa tatu usiku. Chai nyeusi, Coca-Cola na vinywaji vya kuongeza nguvu ambavyo motari wanapenda vina kitu kile kile. Bia na kasiksi zinadanganya zaidi: zinamlaza mtu upesi, kisha sehemu ya pili ya usiku zinamwamsha na jasho, kiu na haja ndogo. Usingizi wa mchana uwe wa dakika ishirini, kabla ya saa tisa.

Na baridi ya Goma isimfanye mtu aingize mbabula ya makala chumbani na kufunga dirisha. Gesi yake haionekani wala hainuki, na usingizi inaouleta hauna kuamka.

Vidonge vya farmasi

Diazepam, ambayo wengi wanaiita Valium, inauzwa katika farmasi nyingi bila ordonansi ya munganga. Inalaza, hakuna anayebisha. Shida ni kinachofuata. Inabaki mwilini zaidi ya siku nzima, kwa hiyo anayeendesha moto asubuhi bado anaendesha nayo, na mzee anayeamka usiku anaanguka. Baada ya majuma machache kidonge kimoja hakitoshi tena. Mtu anapojaribu kuacha, usingizi unaharibika kuliko mwanzo, na anaamini ugonjwa umezidi, kumbe ni mwili unaodai dawa. Ndiyo maana katika matibabu dawa za jamii hii hazipaswi kupita majuma manne. Zikichanganywa na pombe au tramadol zinaweza kusimamisha pumzi.

Aliyezitumia kwa miezi asizitupe kwa siku moja, kwani kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege. Zinapunguzwa polepole, kwa majuma mengi, pamoja na munganga. Mwaka 2016 chama cha wanganga wa Marekani cha American College of Physicians kilishauri kwamba kila mtu mzima mwenye ugonjwa wa kukosa usingizi aanze na matibabu ya mazoea na mawazo, yale yanayokusanya mbinu za Spielman na Bootzin, kabla ya kidonge chochote. Wenzao wa Ulaya walisema hivyo hivyo mwaka 2017. Kwa mifuko ya wakaaji wa Kivu hii ni habari njema, kwani matibabu hayo yanadai uvumilivu wa majuma manne mpaka manane na hayadai dukani.

Wapo ambao wanaweza kusinzia lakini wanaogopa. Ndoto inawarudisha kwenye siku ile: nyumba iliyochomwa, barabara ya kukimbia, kile walichofanyiwa. Kwao kuna zoezi ambalo Barry Krakow na wenzake walilijaribu huko New Mexico kwa wanawake waliopitia ubakaji na kulichapisha mwaka 2001. Mchana, mahali pa usalama, mtu anachagua ndoto moja, isiyo mbaya kuliko zote. Anaibadilisha apendavyo: mlango unafunguka, ndugu anafika, mto unavukika. Kisha anaipitia hadithi mpya kichwani dakika kumi hivi kila siku. Katika utafiti huo ndoto mbaya zilipungua na usingizi ukawa bora. Mwenye majeraha mazito asifanye peke yake, ila akiwa na mtu aliyefundishwa kusaidia.

Si kila kukosa usingizi kunatokana na mazoea. Mtu anayekoroma sana na kukatika pumzi usiku anahitaji uchunguzi. Anayetumia dawa za virusi vya SIDA zenye dolutegravir, na akaona usingizi umebadilika tangu alipozianza, amwombe munganga kama anaweza kuzimeza asubuhi, wala asiziache. Anayeamka saa tisa za usiku kila siku akiwa na huzuni nzito, hana hamu ya chakula wala ya watu, huenda ana ugonjwa wa huzuni, na huo una matibabu yake. Na mtu anayekaa siku kadhaa bila kulala huku akisema hachoki, ana nguvu nyingi na mipango mikubwa, familia imsindikize hospitalini bila kungoja.

Mama mzazi ambaye hawezi kulala hata mtoto anapolala, na anayewaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake usiku huo. Vile vile kwa yeyote anayezungumza juu ya kufa. Kituo cha afya cha mtaa ndicho mlango wa kwanza. Kwa afya ya akili hasa, Goma kuna kituo cha Tulizo Letu, na Bukavu kuna SOSAME, vyote vikiwa chini ya Mabradha wa Upendo. Anayekwenda huko abebe karatasi ya majuma mawili yenye mambo manne kwa kila siku: saa aliyopanda kitandani, saa anayodhani alisinzia, mara alizoamka, na saa aliyotoka kitandani. Aandike pia kila kidonge alichomeza, hata kile alichopewa na jirani.